Chumba Chenye Matanga

Chumba chenye matanga hakiguswi. Kila mtu wa Ikolelo aliijua kanuni hiyo, kama alivyojua kwamba jeneza halikatizwi njia na kwamba anayechota maji chemchemini huwapisha wazee. Haikubandikwa ukutani, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyehitaji kukumbushwa.

Anyelwisye Mwankemwa, Mlinzi wa Seva, aliitimiza kanuni hiyo kwa kuuliza. Kabla ya kuanza kazi yoyote kubwa alisimama wima mbele ya mtambo, akauliza kwa sauti ya kusikika, "Kuna chumba chenye matanga?" Msaidizi wake alipaswa kujibu, na kazi haikuanza mpaka ajibu.

Asubuhi ile msaidizi wake, Ipyana, alijibu, "Hakuna msiba uliotangazwa, mama."

"Basi tuanze," alisema Anyelwisye, akatoa amri ya kuipandisha paneli ya mji toleo jipya.

Seva ya Ikolelo ilikaa katika pango lililochongwa chini ya mlima, mahali ambapo mvuke wa ardhini ulizungusha mashine za umeme na maji baridi ya chemchemi yalipoza diski. Ndani ya seva hiyo kila mkazi alikuwa na chumba. Chumba ndicho kilichomtambulisha mtu mlangoni pake, zahanatini, sokoni na barazani. Ndicho kilichotunza mikataba yake, picha zake, sauti yake na wosia wake. Paneli ya uendeshaji ilikuwa kama msimamizi wa jumba kubwa. Ilijua chumba kipi ni cha nani, nani ana ufunguo wake, na mvuke wa kupasha nyumba joto uende mtaa gani kwa kiasi gani. Baraza la Mji liliamua kwamba paneli ya waasisi imezeeka na ibadilishwe. Anyelwisye hakupinga. Alikuwa amelijaribu toleo jipya kiangazi chote, amelirekebisha palipohitaji kurekebishwa, na aliiamini kazi ya mikono yake.

Toleo jipya lilipita chumba baada ya chumba, likiandika upya anwani na funguo. Mstari wa kijani ulisogea juu ya skrini bila haraka. Ulipofika katikati ulisimama.

Anyelwisye alisubiri. Maandishi mekundu yakatokea: *Chumba kimefungwa kwa komeo la matanga. Kazi imekatizwa.* Kabla hajanyoosha mkono, paneli ikazimika. Nusu ya mji ilikuwa imekwisha kuandikwa kwa mtindo mpya na nusu imebaki katika mtindo wa zamani, na hapakuwa na paneli duniani iliyoweza kusoma mitindo yote miwili kwa pamoja.

Huko juu, milango ya Ikolelo ikaacha kuwatambua wenyewe.

"Chumba cha nani?" aliuliza Anyelwisye.

Ipyana hakuhitaji kutazama skrini. "Cha Asajile Mwaijande. Baba mkwe wangu. Alifariki juzi, mama."

"Juzi."

"Kaka yake, Mzee Ambokile, alikuwa bado yuko safarini. Kwetu msiba hautangazwi kabla ndugu mkubwa hajaambiwa uso kwa uso. Mama mkwe aliweka komeo kwa mkono wake mwenyewe, kama sheria inavyomruhusu mfiwa, akatuapisha tunyamaze mpaka shemeji yake afike."

"Nami nilipokuuliza?"

"Nilikujibu kwamba hakuna msiba uliotangazwa. Huo ulikuwa ukweli."

"Ulikuwa nusu ya ukweli, Ipyana, nayo ndiyo iliyotufikisha hapa."

Hakumlaumu zaidi, kwa sababu alijua kwamba nusu ya pili ya kosa ilikuwa yake. Mtambo ungeweza kumwonyesha makomeo yote kwa amri moja fupi. Lakini walinzi wa Ikolelo hawakuwahi kuitoa amri hiyo. Kuchungulia makomeo kabla ya tangazo kulihesabiwa kuwa ni sawa na kusimama dirishani pa watu wanaoficha machozi yao, ukawahesabu ni wangapi wamebaki. Kwa hiyo mlinzi aliuliza kwa kinywa na kuamini jibu. Waliotangulia walifanya hivyo, naye akafanya hivyo, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupandisha paneli toleo.

"Piga kengele," alisema. "Waambie watu wa kila mtaa wapokezane kuzungusha vali za mvuke kwa mikono. Wodi ya watoto njiti ipate joto kwanza, nyumba za wazee ndizo zifuate. Waliofungiwa nje waingie kwa majirani. Mikono ya watu inaweza kuushika mvuke leo na kesho. Zaidi ya hapo itachoka, na mkono uliochoka huua."

"Na wewe, mama?"

"Mimi nakwenda msibani."

*

Nyumba ya marehemu ilikuwa ukingoni mwa shamba la chai, na mlango wake ulikuwa umezuiwa kwa jiwe usije ukajifunga. Habari ilikuwa imekwisha kuenea, maana Mzee Ambokile alifika asubuhi hiyo, kazi ya seva ikiwa imekwisha kuanza, na kilio kikaruhusiwa. Kizingitini alijilaza Sichone, mtani wa ukoo ule, akiwa amejifunika mkeka hadi kidevuni.

"Mlinzi, hupiti," alisema. "Marehemu alikuwa bahili tangu ujana wake. Alikuwa akifunga hata sukari kabatini. Sasa amekufa, ametufungia mji mzima. Nipe kitu, au ruka juu ya maiti yangu."

"Maiti haiongei."

"Ya Ikolelo inaongea. Imekosa wa kuifungia kinywa, paneli imekufa."

Waombolezaji waliokuwa sebuleni wakacheka chinichini. Anyelwisye, ambaye hakujulikana kwa mizaha, alivua koti lake la sufu akamtupia usoni. "Jifunike vizuri, basi. Maiti yenye baridi hutia aibu ukoo." Sichone akabingirika pembeni na koti lake, akampisha.

Subilaga, mjane, aliketi juu ya mkeka na kanga kichwani. Kwa desturi hangeweza kuinuka hapo kwenda mahali popote, na kwa hiyo Mlinzi ndiye aliyemfuata. Kando yake, kwenye kiti cha miguu mifupi, alikaa Mzee Ambokile, mtu mrefu mwenye sauti ya utulivu, mjumbe wa Baraza kwa miaka mingi.

"Pole, dada," alisema Anyelwisye, akaketi sakafuni.

"Nimepoa. Nasikia mume wangu amewaletea taabu."

"Taabu nimeileta mimi. Nimekuja kukueleza ilivyo, kisha wewe useme."

Akaeleza. Njia ya kwanza ilikuwa kuiosha diski yote, yaani kufuta kila kilichomo, na kuirudishia nakala rudufu iliyofanywa kabla ya kazi kuanza. Mji ungesimama tena kabla ya jua kuzama. Lakini waasisi walikuwa wamekataza nakala ya chumba chenye matanga, kwa kuwa katika siku zao warithi walitengeneza nakala hizo na kuzitia maneno ambayo marehemu hakuyasema. Komeo lilipowekwa tu, nakala zote za chumba cha Asajile zilifutika zenyewe. Diski ikioshwa, chumba hicho kingeondoka na maji. Njia ya pili ilikuwa kulitoa komeo na kuiacha kazi iendelee. Hapo chumba kingebaki, lakini sheria ilisema kwamba wosia uliotoka katika chumba kilichovunjwa komeo kabla ya kuanua matanga si wosia. Mali ingefuata desturi ya ukoo. Njia ya tatu ilikuwa kungoja hadi matanga yaanuliwe.

"Na watoto njiti nao wangoje?" aliuliza Mzee Ambokile. "Mlinzi, njia ya pili ndiyo nyepesi. Hakuna kinachopotea. Picha zipo, sauti ipo. Kinachoondoka ni neno la sheria tu."

"Neno la sheria tu," alisema Subilaga. "Na shamba likufuate wewe."

"Sijaomba shamba, shemeji."

"Hujalikataa pia."

"Nasema juu ya watoto wa watu walio katika baridi."

"Watoto hao umewakumbuka vizuri, shemeji. Umetoka safarini hujala, hujalala, lakini umewakumbuka."

Kutoka kizingitini sauti ya Sichone ikasema, "Ana moyo wa huruma huyu. Hata mimi akinikuta nakufa atanisaidia kubeba viatu vyangu."

Mzee Ambokile hakucheka wala hakukasirika. Alikuwa mtu wa kujizuia, na alichokisema kilikuwa na uzito. Watu kadhaa sebuleni walitikisa vichwa kukubali. Anyelwisye mwenyewe alijua kwamba mbele ya Baraza lolote hoja ile ingeshinda.

Subilaga akamgeukia Mlinzi. "Asajile aliniambia, 'Neno langu lipo mle, utalisikia siku ya kuanua.' Sijalisikia. Sijui kama amenipa nyumba hii au amenipa kikapu. Lakini ni neno lake kwangu, na halijanifikia. Ukiliosha, nimefiwa mara mbili. Ukilivunja, nitaambiwa mbele ya watu kwamba mume wangu hakusema kitu. Lipi kati ya hayo umekuja kuniomba?"

"Hata moja," alisema Anyelwisye. "Nimekuja kuomba ruhusa ya kukibeba."

Akausogelea mkeka.

"Jeneza hubebwa, dada, bila kufunguliwa. Nitakitoa chumba kizima kama kilivyo, pamoja na kuta zake, nikiweke katika diski ngeni isiyowahi kutumika. Nitaiosha diski ya seva, nirudishe mji, niukamilishe upandishaji. Kisha nitakirudisha mahali pake, kibaki katika mtindo wa zamani hadi siku ya kuanua, na kuiponda ile diski ngeni. Sitalitoa komeo. Sitasoma hata herufi."

"Kubeba si kugusa?" aliuliza Mzee Ambokile.

"Ni kugusa. Tena kwa muda wa safari hiyo kutakuwa na nakala, jambo ambalo sheria inalikataza waziwazi. Sitatafuta jina zuri la kuliita. Mlinzi aliyegusa chumba chenye matanga huadhibiwa, na nikimaliza nitaadhibiwa. Lakini sheria inauvunja wosia pale tu komeo linapovunjwa. Kosa langu litakuwa juu yangu, halitamfikia mfiwa."

Subilaga aliiweka sawa kanga yake. "Wewe ni mtu mnyofu, nakufahamu. Lakini unyofu wako siuoni nikiwa hapa mkekani. Nani atanihakikishia kwamba hukuchungulia?"

"Shemeji yako."

Mzee Ambokile aliinua uso.

"Nataka akae kando yangu tangu mwanzo mpaka mwisho," aliendelea Anyelwisye. "Ningeleta rafiki yako, watu wangesema amenifichia. Mzee Ambokile anapata shamba iwapo nitakosea. Hatafumba jicho."

"Unanitukana, Mlinzi," alisema Mzee Ambokile kwa upole.

"Nakupa kazi ngumu, Mzee. Ningekuona huna thamani nisingekupa."

Mtambo ulipofunga chumba kwa komeo ulimpa mfiwa alama ya muhuri, yaani maneno machache yaliyotungwa kutokana na kila herufi iliyomo chumbani. Herufi moja ikibadilika, maneno yote hugeuka. Subilaga alikuwa ameyashika maneno yake kichwani, kama alivyoshika tenzi za kanisani tangu utoto. Akamwita shemeji yake, akamnong'oneza sikioni, akamrudisha na kumnong'oneza tena mpaka Mzee Ambokile akaweza kuyarudia bila kukwama. Anyelwisye alitoka nje wakati wakifanya hivyo, asije akayasikia.

*

Pangoni Ipyana alikuwa amekwisha kuandaa kiti cha pili. Mzee Ambokile alikaa, akaweka fimbo yake magotini, akatazama skrini kama mtu anayetazama mto aliokatazwa kuuvuka.

"Tunaingia katika hali ya uokozi," alisema Anyelwisye, akianza kazi. "Seva ina mfumo wake mkubwa, ambao ndio unaotekeleza makomeo. Mfumo huo hauwezi kuamka. Kwa hiyo tunaiamsha seva kwa mfumo mwingine mdogo sana, unaotosha kumwezesha fundi kutembea ndani na taa mkononi. Huo mdogo haujui komeo wala ufunguo. Vyumba vyote viko wazi mbele yake."

"Vyote?"

"Cha kwako pia, Mzee."

Mzee Ambokile akaishika fimbo yake kwa nguvu zaidi.

Seva ilinguruma, ikazimika, ikaamka upya. Skrini nyeusi ikajaa safu ndefu ya namba za vyumba, bila rangi, bila jina la mtu. Anyelwisye alitafuta namba moja. Akatoa amri, na mtambo ukakisoma chumba kile wenyewe na kuandika maneno ya alama.

"Ndiyo hayo?"

"Ndiyo hayo," alisema Mzee Ambokile. Baadaye kidogo, wakati Ipyana alipokwenda kuleta diski ngeni ikiwa bado katika kasha lake, akainama karibu. "Mlinzi. Umesema huu mfumo mdogo haujui komeo. Basi kufungua na kutazama hakutavunja kitu. Tungejua marehemu amesema nini. Pengine amenipa hilo shamba mwenyewe, na taabu hii yote haina maana. Pengine hakunipa, nami nitaridhika. Hapana mtu atakayejua."

"Wewe utajua."

"Mimi sina neno."

"Nawe ndiwe shahidi. Nikikutii katika hili, kesho utakuwa na haki ya kusimama mbele ya ukoo useme kwamba Mlinzi alifungua. Na utakuwa umesema kweli." Hakumtazama. "Kaa sawa, Mzee. Usinipime tena, mikono yangu ina baridi na nina kazi."

Diski ngeni ikafungwa mahali pake. Chumba cha Asajile kikaanza kutoka, kipande kwa kipande, kuta na dari na vyote vilivyomo, bila mtu kukitazama ndani. Kilipokuwa kimekwisha kuhama, mtambo uliulizwa alama, ukayataja maneno yaleyale. Diski ngeni ikachomolewa, kisha Anyelwisye akaiosha diski ya seva. Hilo lilimgharimu pumzi moja ndefu, kwa maana kwa muda ule Ikolelo nzima haikuwa na maisha mahali popote ila katika nakala rudufu, na marehemu mmoja alikuwa mkononi mwa Ipyana.

Mji ukarudishwa. Toleo jipya likapandishwa upya, na safari hii mstari wa kijani ukafika mwisho. Anyelwisye akakirejesha chumba cha Asajile mahali pake, akaiamsha paneli, akauliza alama.

Maneno yalikuwa mengine.

Mzee Ambokile alisimama. Uso wake haukuonyesha furaha, ila kitu kama cha mtu aliyepewa mzigo alioutamani na kuona ni mzito. "Hayalingani," alisema. "Nimeyaona kwa macho yangu."

"Umeona sawasawa," alisema Anyelwisye. Sauti yake haikupanda. Alikuwa akisoma kumbukumbu za mtambo, mstari kwa mstari, kutoka chini kwenda juu. "Ipyana, soma hapa."

Ipyana akasoma. "Paneli mpya ikiamka hukitembelea kila chumba na kuandika saa ya kutembelea. Ilikikuta chumba hiki komeo lake bado halijashika. Imeandika saa."

"Nimelitanguliza jambo la pili mbele ya la kwanza. Komeo husafiri na chumba, lakini halishiki tena mpaka liambiwe; nilipaswa kukirudisha, kulishikisha komeo, ndipo niiamshe paneli." Akamgeukia shahidi. "Mzee, chumba kilichoko katika diski ngeni hakijaguswa na paneli. Nitakuonyesha alama yake sasa hivi, kisha nitafuta hiki kilichoandikwa saa na kukirudisha kile upya. Au unaweza kuondoka na ulichokiona. Ukienda kusema kwamba maneno hayakulingana, hutakuwa umedanganya."

Mzee Ambokile alibaki amesimama. Maji ya chemchemi yalipita ndani ya mabomba na kutoa mlio wa chini. Kutoka juu ya mlima ilisikika sauti ya watu wakihesabiana zamu za vali.

"Huyu mkwe wetu," alisema hatimaye, akimwonyesha Ipyana kwa fimbo, "naye hakuwa amedanganya."

"Hapana," alisema Anyelwisye. "Hakudanganya."

Ipyana aliinamisha kichwa. Mzee Ambokile akamtazama kijana yule, kisha akatazama mlango wa pango, kisha akaketi. "Nionyeshe hiyo alama," alisema.

Maneno ya kwanza yalitokea katika diski ngeni bila kupungua hata moja. Anyelwisye alifuta, akarudisha, akalishikisha komeo, na baada ya hapo tu akaiamsha paneli. Akauliza alama. Mzee Ambokile alisogea mpaka pua yake ikakaribia skrini, akayasoma kwa midomo isiyotoa sauti, mara mbili.

"Ndiyo hayo," alisema. "Ndiyo hayo, na nitayasema hivyo mahali popote."

Huko juu milango ilianza kuwaita watu kwa majina yao.

*

Diski ngeni ilipondwa kwa nyundo juu ya jiwe mbele ya pango, Mzee Ambokile akitazama, na vipande vyake vikatupwa katika shimo la mvuke. Kisha Anyelwisye akarudi ndani, akakaa kitini pake kwa mara ya mwisho.

"Kosa ni langu, mama," alisema Ipyana. "Acha chumba changu ndicho kifungwe. Nina mke wa kunifungulia mlango. Wewe unaishi peke yako."

"Wewe ulijibu vibaya. Mimi niliuliza vibaya. Niliuliza jambo ambalo mtu mwenye kiapo cha msiba hakuweza kulijibu, nikaita hiyo kuwa heshima." Alivuta kibodi karibu. "Tangu leo mlinzi hatamuuliza mtu. Atauuliza mtambo swali moja tu: lipo komeo au halipo. Bila namba, bila jina. Hapo hakuna machozi yanayochunguliwa. Utaliandika hilo katika taratibu na kulisimamia."

"Mimi?"

"Nani mwingine? Utakaa kiti hiki mpaka Baraza liamue vinginevyo, na kila asubuhi utakumbuka ulivyonijibu. Nadhani itakutosha."

Akatafuta chumba chake mwenyewe. Adhabu ya mlinzi aliyegusa chumba chenye matanga ilijulikana, ingawa katika uhai wao hapana aliyewahi kuiona ikitekelezwa: chumba chake hufungwa kwa muda wa matanga mazima, na komeo halitolewi na Baraza wala na mlinzi mwenzake, bali na mfiwa mwenyewe, akipenda. Anyelwisye aliweka komeo. Mtambo ukauliza, *Mfiwa ni nani?* Akaandika jina la Subilaga. Jina lake yeye likatoweka kutoka skrini, na alipoinuka, mlango wa pango haukumtambua. Ipyana akamfungulia.

*

Anyelwisye hakulalamika. Mlango wa nyumba yake aliuzuia kwa gogo usijifunge, na mbuzi wa jirani waliingia walivyotaka. Bomba la mvuke la nyumba yake lilipoa, akarudia kuota moto wa kuni kama bibi yake alivyofanya. Sokoni mizani ilikataa kumpimia, hivyo wauzaji walimkatia fungu kwa kukadiria, na kwa kawaida walikadiria zaidi. Sichone alimrudishia koti lake likiwa na harufu ya tumbako, akasema amelivaa kumtunzia joto. Kwenye mkutano wa Baraza Anyelwisye alisimama nyuma, nje ya dirisha, kwa kuwa kiti hakikumhesabu.

Siku ya kuanua matanga ya Asajile hakwenda. Mtu aliyefungiwa hasikilizi kinachosomwa kutoka chumbani mwa mwingine. Alikuwa akipasua kuni aliposikia hatua, na Mzee Ambokile akaja akasimama penye gogo la mlangoni, asiingie bila kukaribishwa.

"Karibu, Mzee."

"Sikai. Nimekuja kukuambia, kwa kuwa wengine wataogopa kukuambia. Nyumba na shamba ni vya mke wake. Mimi ameniachia ng'ombe dume mmoja, na akanikumbusha mbele ya watu wote deni la utotoni, kwamba niliwahi kumsukuma mtoni akavunjika jino."

"Nawe ulisema nini?"

"Kijana mmoja wa ukoo aliuliza kama komeo halikuvunjwa siku ile ya tatizo. Watu wakanitazama." Alihamisha fimbo toka mkono huu hadi ule. "Nikasema halikuvunjwa. Nikasema yote, hata maneno yalivyogeuka na yalivyorudi. Ilichukua muda mrefu kuliko nilivyodhani."

"Asante, Mzee."

"Ng'ombe mwenyewe ana kichaa," alisema, akaondoka.

Siku chache baadaye, masika yalipokolea, muda wa Anyelwisye ukatimia. Hakumtuma mtu kwa Subilaga, maana sheria ilimwachia mfiwa uhuru wake, na uhuru unaoombwa kila asubuhi si uhuru. Jioni ya siku ile ilipita. Kesho yake mvua ikanyesha tangu alfajiri. Anyelwisye alikuwa uani, akiyavuta majani ya kufunikia kuni, maji yakimtiririka mgongoni, alipomwona Subilaga akipanda njia na mwavuli mweusi, polepole, kwa sababu udongo ulikuwa utelezi.

Subilaga hakusalimu. Alilisogeza gogo kwa mguu mpaka likabingirika pembeni, mlango ukajifunga wenyewe kwa kishindo. Akaweka kiganja chake juu ya bamba la mlango, akataja jina lake, kisha akasema kwa sauti iliyonyooka maneno yanayotakiwa na sheria, kwamba yeye ni mfiwa, kwamba ametosheka, na kwamba komeo litoke.

Mlango ulitoa mlio mfupi. Kisha ukasema, "Anyelwisye Mwankemwa," ukafunguka.

Mwenye jina lile alibaki amesimama uani na majani mikononi.

"Umelipa, dada," alisema Subilaga. "Ingia ndani, unanyeshewa."